Muuguzi Mzoefu, Mwanafunzi Mgeni

Kengele ikilia, mwanafunzi anasogea kituo kinachofuata. Mezani kuna mkono wa mpira, kanula, pamba yenye spiriti, glavu na kamba ya kukazia mshipa. Pembeni ameketi mtahini na karatasi yake ya kutia tiki. Jitambulishe. Hakikisha jina la mgonjwa. Omba ridhaa. Osha mikono. Baada ya hapo ndipo mshipa utafutwe. Kijana wa miaka 21 aliyetoka kidato cha sita anazitaja hatua zote kwa mpangilio, anahangaika kidogo na sindano, anavuna alama za kutosha. Anayemfuata ni mama wa miaka 38 ambaye huko kwenye kituo chake cha afya amezoea kuwawekea kanula watoto walioishiwa maji, usiku, kwa mwanga wa simu. Mshipa anaupata mara ya kwanza. Ila hakujitambulisha kwa ule mkono wa mpira, wala hakutamka kwamba ameosha mikono, na tiki kadhaa zimempita.

Mtihani huu wa vituo ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kutangazwa mwaka 1975. Shabaha yake ilikuwa haki: wanafunzi wote wa udaktari wapimwe kwa kazi ileile na kwa orodha ileile, isiwe bahati ya kupata mtahini mpole. Baadaye ukaenea hadi kwenye uuguzi, na leo wanafunzi wa uuguzi wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri sana. Kwa muuguzi aliyerudi chuoni baada ya miaka ya kazi, haki hiyo ina machungu yake.

Wa namna yake ni wengi. Tanzania ngazi ya taaluma hii inapandwa kwa vituo: cheti, kisha stashahada inayomfanya mtu kuwa Afisa Muuguzi Msaidizi, kisha shahada inayomfikisha kwenye Afisa Muuguzi. Anayeanzia chini anafanya kazi kwanza, anaoa au kuolewa, anajenga chumba na sebule, halafu anaomba nafasi ya kujiendeleza. Kutoka stashahada kwenda shahada ataulizwa wastani wake, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua 3.0, na ataulizwa pia matokeo yake ya kidato cha nne. Hapo ndipo alama ya fizikia ya miaka ishirini iliyopita inapofufuka na kudai maelezo.

Akishapokelewa, mapokezi hayafanani. Kuna programu zinazomhesabia sehemu ya masomo aliyokwisha kusoma na kumfupishia safari. Kenya vyuo vikuu kadhaa vina njia hiyo kwa wenye stashahada. Kwingine anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka shule, miaka minne kamili, na somo la kwanza huenda likawa jinsi ya kupima joto la mwili. Jambo hili la pili linauma kuliko linavyosikika.

Watafiti wa elimu wana jina kwa kile kinachofuata. Mwaka 1965 Mmarekani John R. Hills alikusanya tafiti za miongo kadhaa juu ya wanafunzi waliohama kutoka vyuo vidogo vya miaka miwili kwenda vyuo vikuu, akaona kitu kinachojirudia: katika muhula wa kwanza baada ya kuhama, alama zao hushuka, kisha wengi wao hupanda tena taratibu. Akaiita hali hiyo mshtuko wa kuhama. Ni habari ambayo mtu angestahili kupewa siku ya kwanza ya chuo, pamoja na ratiba na kitambulisho. Anayepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya baiokemia muhula wa kwanza huhitimisha haraka kwamba amezeeka, kichwa hakishiki tena, na kwamba wale waliomwambia “utaweza kweli wewe?” walikuwa sahihi. Hajui kwamba kushuka huko kumewakuta waliomtangulia, na kwamba wengi walipanda tena.

Kwa nini mtu mwenye uzoefu ashuke? Patricia Benner, muuguzi na mwanazuoni wa California, alitoa jibu katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu safari ya muuguzi kutoka uchanga hadi ubingwa. Aliazima mfumo wa hatua tano ulioanzia kwenye utafiti wa wacheza sataranji na marubani. Anayeanza hushika kanuni moja baada ya nyingine. Bingwa haoni kanuni tena, anaona hali nzima na mkono unakwenda wenyewe. Benner alisisitiza pia kwamba ubingwa una makao yake: bingwa akihamishiwa mahali asipopajua anaweza kurudi kwenye hatua ya chini. Chuo ni mahali pa namna hiyo. Kinamtaka aivunje kazi yake vipande vipande, akiandike kila kipande, na kukitolea sababu kutoka kitabuni, ilhali kwa miaka kumi sababu imekuwa kwamba mgonjwa amepata nafuu.

Kuna na mambo ya kusahau. Mkunga aliyesoma zamani alifundishwa kwamba uchungu umeshika kasi mlango wa kizazi unapofikia sentimita 4, na patografu aliyoijaza usiku baada ya usiku ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mpaka huo hadi sentimita 5, na mwaka 2020 likatoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu. Aliyesoma zamani kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama alianza na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu. Tangu 2010 mwongozo wa Marekani unaofuatwa na wengi unataka kifua kikandamizwe kwanza. Kijana hana cha kufuta. Muuguzi mzoefu anafuta kitu ambacho mikono yake imekifanya mara mamia, na mkono husahau polepole.

Darasani penyewe kuna mengine yasiyoandikwa kwenye mtaala. Asubuhi wanafunzi wenzake wanampa shikamoo, naye anaitikia marahaba. Robo saa baadaye mmoja wao, kiongozi wa kikundi, anamuuliza kwa adabu zote kwa nini sehemu yake ya kazi haijafika. “Mama, tunakusubiri wewe tu.” Ujumbe wa kikundi kwenye WhatsApp unatumwa saa tano usiku, umejaa vichekesho asivyovielewa na faili asilojua kulifungua. Anapenda kusaidia, anaogopa kuonekana mzigo, kwa hiyo hanyoshi mkono. Wahadhiri wengine humdhania anajua kila kitu kwa kuwa ameshafanya kazi. Wengine humwona mkaidi kila anaposema “sisi huko kazini tunafanya hivi”.

Wadini hali inageuka tena. Logibuku yake inatakiwa isainiwe, na inchaji wa wadi anayeisaini huenda ni binti aliyemzidi cheo kwa sababu moja tu, kwamba alipitia njia iliyonyooka. Wapo mainchaji wenye busara wanaomwachia wagonjwa wagumu na kumsikiliza. Wapo pia wanaomtuma kutandika vitanda, na wapo wanaomgeuza mfanyakazi wa bure: kwa kuwa anajua kazi, anaachiwa zamu nzima huku yale aliyokuja kujifunza yakibaki bila tiki.

Halafu pesa. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania imekuwa ikimtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Kwa hiyo siku vijana wanaposhangilia kwamba bumu, yaani pesa ya mkopo, limeingia, yeye anahesabu kilichobaki kwenye mshahara baada ya makato. Kenya bodi yao, HELB, ina mkopo wa Jielimishe unaowalenga walioajiriwa, jambo linalopunguza kichomi ingawa nalo lina marejesho yake. Mtumishi wa umma mwenye ruhusa ya masomo anaendelea kupokea mshahara. Wa hospitali binafsi mara nyingi hana ruhusa ya namna hiyo; anachoweza ni kubadilishana zamu. Ada inatafutwa kwa VICOBA, kwa upatu wa wadini, kwa shamba la mahindi lililokodishwa, kwa mume au mke anayeambiwa “vumilia muhula huu tu”.

Wanaochanganya kazi na masomo ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi, na hatari yenyewe ni ya kimwili. Anaingia naiti saa mbili usiku, anatoka asubuhi, anapanda daladala moja kwa moja hadi kipindi cha saa tatu. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia waliwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta uwezo wao wa mikono na macho umeshuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva. Muuguzi huyu anamsikiliza mhadhiri wa famakolojia akiwa kwenye hali hiyo, na jioni anaweza kurudi kupima dozi za watoto.

Sasa wanahimilije?

Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha 1984 ambacho wanasaikolojia bado wanakirejea, walieleza kwamba msongo unazaliwa mtu anapopima jambo na kuona limezidi alichonacho cha kulikabili. Kisha wakatenganisha njia mbili za kuhimili. Ya kwanza inaishughulikia shida yenyewe: kuomba ratiba ibadilishwe, kutafuta mtu wa kukufundisha takwimu, kupanga ada kwa awamu. Ya pili inatuliza moyo: kusali, kulia, kucheka na wenzako, kujiambia kwamba hata hili litapita. Zote mbili zina kazi, na kila moja ina mahali pake. Linaloweza kurekebishwa linahitaji njia ya kwanza. Lisilorekebishika, kama msiba au mtihani uliokwisha kufanyika, linahitaji ya pili.

Hapa ndipo malezi ya uuguzi yanapomponza mtu. Tangu siku ya kwanza ya cheti amefundishwa kuvumilia: kusimama saa kumi na mbili, kunyamaza ndugu wa mgonjwa wanapofoka, kutolia mbele ya watu. Uvumilivu huo ni mali kazini. Chuoni unaweza kumfanya akae na sapu mbili na deni la ada bila kumwambia mtu, hadi jina lake libandikwe kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioachishwa masomo. Ushauri wa “vumilia” ndio wa kwanza kutolewa na ndugu, wachungaji, masheikh na hata washauri wa wanafunzi, na mara nyingi ni ushauri mbaya. Aliyezoea kuhudumia hajui kuhudumiwa. Wanaovuka salama, kwa jinsi wenyewe wanavyosimuliana, ni wale waliobisha hodi mapema ofisini kwa mshauri wao wa taaluma, tena kabla ya mitihani.

Sala haimo kwenye lawama hii. Kwa wengi ndiyo nguzo kuu, na ina faida ya pili isiyosemwa sana: kwaya, darsa na jumuiya ndogondogo huwa mahali pekee jirani na chuo ambapo mtu mzima anakutana na watu wazima wenzake. Wengine hupata hapo mlezi wa mtoto, chumba cha kupanga na hata mtu wa kumkopesha nauli.

Kuhusu kusoma kwenyewe, kosa la kawaida ni kurudi kwenye mbinu ya shule: kusoma madaftari mara tano, kupigia mistari kwa kalamu ya rangi, kukesha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya siku kadhaa, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walikuwa wanakumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Kwa mtu mwenye dakika ishirini kwenye daladala hii ni neema, kwa sababu kujiuliza maswali hakuhitaji meza wala umeme. Maswali ya mitihani iliyopita, kadi za dozi, rafiki wa kuulizana naye kwenye simu wakati wa kupika: hivyo vinafaa kuliko kesha la kupiga msuli ambalo asubuhi linamwacha hajui hata jina la somo.

Kuna na biashara ya kubadilishana ambayo hufanyika kimyakimya katika madarasa mengi, na pengine ndiyo dawa bora ya shikamoo ile yenye presha. Kijana anamwonyesha mama jinsi ya kuingia kwenye mfumo wa masomo, kutengeneza slaidi, kupanga marejeleo na kuendesha programu ya takwimu. Mama anampeleka kijana wadini, anamwambia kwa nini mgonjwa huyu aliyenyamaza anatisha kuliko yule anayepiga kelele. Kila mmoja anapata kitu alichokosa, na mama anarudishiwa heshima yake bila kuiomba. Wahadhiri wanaopanga vikundi kwa makusudi, wakichanganya waliotoka shule na waliotoka kazini, husaidia hili lianze. Wanaoacha kila mtu achague wa kwake huishia na kona mbili zisizosalimiana.

Utafiti wa mwaka wa mwisho unastahili kutajwa peke yake, maana huwatisha watu wasiotishwa na damu. Hesabu za uwezekano, sampuli, kibali cha maadili, sura tano za tasnifu kwa Kiingereza. Hapa uzoefu unamlipa hatimaye. Kijana anatafuta mada kwenye mtandao. Mama anayo tangu zamani. Kwa nini wajawazito wa kijiji kile wanachelewa kuhudhuria kliniki? Kwa nini daftari la chanjo halilingani na chupa zilizotumika? Msimamizi mzuri husikia maswali hayo na kumwambia mada imeshapatikana.

Pana mpaka ambao ukivukwa, ratiba na vikundi havitoshi. Kukosa usingizi hata usiku wa mapumziko, kutofurahia chochote, kujilaumu bila kikomo, hamu ya chakula kupotea, na hali hiyo kudumu wiki mbili au zaidi, ni dalili za sonona, ugonjwa wenye tiba. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Ni dharura ya siku hiyohiyo. Wauguzi huzijua dalili hizi kwa wagonjwa wao na kuzikosa kwao wenyewe. Wengine wanazijua kabisa, ila wanaona aibu kukaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili ambako watakutana na wenzao wakiwa na sare.

Si haki, hata hivyo, mzigo wote kuutwika mwanafunzi. Msongo mwingine unatengenezwa ofisini: ratiba inayobadilishwa usiku kwa ujumbe mfupi, kipindi kimoja saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni, maktaba inayofungwa mapema, mafunzo ya vitendo katika hospitali ya mbali yanayotangazwa siku tatu kabla. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kuwaendeleza wauguzi wa Kenya, Uganda na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiliyakusanya masomo kwenye siku chache za wiki ili mtu aendelee na ajira yake. Mwaka 2005 Kenya ikaenda mbali zaidi. Shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na wabia wao walianzisha masomo kwa kompyuta ili kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada, kazi ambayo mabweni na madarasa ya kawaida yasingeimaliza kwa kizazi kimoja. Muuguzi alisoma karibu na kituo chake cha kazi, na wilaya haikubaki bila mhudumu. Uhaba unaeleza ulazima wake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8, na Afrika ni kati ya maeneo yanayobeba sehemu kubwa ya pengo hilo.

Wakenya na Watanzania walioko Marekani wanaijua ngazi hiyohiyo kwa sura nyingine. Wengi huanza kama wasaidizi katika nyumba za wazee, husoma uuguzi miaka miwili katika chuo cha jamii, kisha huhamia chuo kikuu kutafuta shahada. New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa wapate shahada ndani ya miaka 10. Tatizo lao kubwa ni masomo kutohesabiwa: ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya masomo waliyokwisha kuyapata. Hiyo ni ada iliyolipwa mara mbili, na zamu za ziada za kuitafuta.

Huku nyumbani, kumaliza nako kuna makaratasi yake. Mtumishi aliyepata shahada anarudi kwa mwajiri na cheti chake, anaandika barua ya kuomba kubadilishiwa muundo, anasubiri. Nafasi ya kada mpya iwe kwenye ikama, bajeti iwepo, faili lisipotee njiani kati ya wilaya na wizara. Wapo wanaokaa muda mrefu wakifanya kazi ya Afisa Muuguzi kwa cheo cha zamani, na wakati huo makato ya mkopo wa benki uliolipa ada yanaendelea kila mwisho wa mwezi. Wengine hawasubiri: kabla joho la kukodi halijarudishwa, wameshauliza maombi ya uzamili yanafunguliwa lini.